Sauti Iliyowekwa Mahali pa Baba

Dar es Salaam,
9 Novemba 1975

Dada yangu Salme,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, Baba, na mwanao Tufaha, na wote wa Ipuli wanaoniulizia. Mimi ni mzima, ila joto la huku limenizidi na mvua za vuli bado zinatuchezea. Asali uliyompa yule jamaa wa reli imenifikia. Chupa ilikuwa imepungua, naye hakusema kitu, nami nikaona haya kumwuliza.

Najua unachosubiri kusikia. Filamu yetu, *Msafara wa Nyotani*, bado iko Ulaya. Zile sehemu tulizopiga picha Kwihara mwezi wa Agosti ziliondoka zote, maana huko ndiko iliko mashine inayoitwa kompyuta, inayochora picha zenyewe. Chombo cha angani, nyota, milima ya nyotani, vyote vinachorwa na mashine, kisha watu halisi wanawekwa ndani yake. Ndiyo maana tulitundika kile kitambaa nyuma ya Baba, ukatucheka ukisema tumeanika nguo. Ikirudi, watu watamwona Baba akiwaongoza wanakijiji wa mwaka elfu mbili na kitu kwenda nyotani, kama babu zetu walivyoongoza misafara kutoka pwani hadi Ujiji. Bwana Eustace, mkuu wetu hapa ofisi ya filamu, anasema haijawahi kufanywa hapa nchini.

Sauti tulizonasa siku ile ziliharibiwa kidogo na upepo. Zitatengenezwa. Mwambie Baba asianze kualika watu mapema.

Mdogo wako,
Darwesh


Tabora,
30 Novemba 1975

Mdogo wangu Darwesh,

Marahaba, na salamu nyingi kutoka nyumbani. Tufaha amefaulu hesabu na sasa hatusikii jingine. Duka la ushirika limepata sukari Jumanne, Jumatano hakuna. Kifua cha Baba kinamsumbua asubuhi tu, mchana anakisahau.

Kuhusu kualika umechelewa. Alianza Agosti, jioni ileile gari lenu lilipoondoka. Kila baada ya sala ya alasiri anaketi kwenye baraza ya msikiti na kuwaeleza watu habari za kompyuta, na mambo mengine nadhani anayatunga. Si kawaida yake. Unajua jinsi alivyo tangu duka letu lifungwe, mtu wa kuitikia salamu na kuendelea na njia yake. Sasa anasimamishwa, anaulizwa, anajibu. Mimi namtazama tu.

Ila niambie, hizo sauti zitatengenezwaje? Baba yuko tayari kupanda treni aje Dar kuyasema upya. Maneno anayo yote kichwani. Nawe unafahamu kwamba hakusema yale aliyoandikiwa na Bwana Eustace. Alisema ya kwake. Mimi nilikuwa karibu nikayasikia, na wapiga picha wote walinyamaza. Wewe uliyasikia?

Jibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Dada yako,
Salme


Dar es Salaam,
25 Januari 1976

Dada Salme,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimetubana na mimi mwenyewe nililala na homa siku kadhaa. Sasa nimepona. Nashukuru kwa habari za Tufaha. Nimemnunulia kalamu, nitampa mtu wa kuileta.

Filamu imerudi na imekwisha. Baba asihangaike kuja, sauti tumeimaliza hapa ofisini. Gari la sinema litafika Tabora mwezi wa tatu, na fundi wake anaitwa Tobias, kijana mwungwana.

Nilikuwa nafikiri, Dada, kwamba siku hiyo ukumbi utajaa sana na vumbi litakuwa jingi. Kwa kifua kile, si lazima Baba aende. Anaweza kuhadithiwa tu.

Wasalimie wote.

Darwesh


Tabora,
14 Machi 1976

Darwesh,

Salamu. Hatujambo. Mvua zimeshika, barabara ya Ipuli ni tope tupu, na jirani yetu Paskazia amejifungua mtoto wa kiume. Kalamu haijafika.

Filamu yenu imeonyeshwa juzi, Ijumaa, baada ya sala. Kwa kuwa ni mchana, walifunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Watu walijaa kama siku ya sikukuu. Baba aliwekewa kiti mstari wa mbele, akavaa kanzu ileile aliyopigiwa picha, niliyoifua na kuipiga pasi mwenyewe. Sikumzuia, maana hukunipa sababu ya kumzuia.

Nitakueleza tuliyoyaona, ingawa wewe uliyaona kabla yetu. Mwanzoni kulikuwa na mistari ya kijani. Tuliambiwa hicho ni chombo cha angani. Mistari ikasogea, ikasimama, ikasogea tena. Baada ya muda mrefu watu wakaanza kuongea yao. Kisha wakatokea wale wanakijiji wakitembea juu ya mistari, miguu haigusi kitu, wanapita katikati ya mlima kama hakuna mlima. Na hapo akatokea Baba.

Darwesh, kanzu haikuwepo. Kilikuwepo kichwa cha Baba na mikono yake miwili, na katikati nyota zinaonekana. Kanzu nyeupe, kitambaa cheupe, mashine yenu ikavila vyote pamoja. Kichwa kikapita angani, mikono ikikifuata. Ukumbi ukacheka. Sikuwalaumu, hata mimi kama angekuwa baba wa mwingine ningecheka.

Ndipo akafungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya Mwarabu wa kuchekesha, yule wa maigizo, asiyejua Kiswahili, kila "p" kwake ni "b". Ikasema, "Karibu mteja, nyota hii iko rahisi, beleka mbili, mimi bunguza bei." Watu walipiga miguu sakafuni kwa kicheko. Familia yetu ina vizazi vinne Tabora. Baba aliwafundisha Kiswahili watoto wa madrasa za mji huu.

Hakuondoka. Alikaa hadi mablanketi yalipoteremshwa, akasimama na kuwashukuru waliokuja, mmoja mmoja. Jana watoto wa barabarani walimwita Mzee Beleka Mbili. Aliwaitikia. Leo hakwenda msikitini, amesali nyumbani.

Nakuuliza jambo moja tu. Nani aliyesema kwa sauti ile?

Salme


Dar es Salaam,
2 Mei 1976

Dada Salme,

Shikamoo, na pole sana. Mpelekee Baba pole zangu pia. Hongera kwa Paskazia. Kalamu yule mtu aliipoteza Morogoro, nitanunua nyingine.

Hata hapa filamu haikupendwa. Wakubwa walipoitazama, mmoja aliuliza kama imekwisha au bado inaandaliwa. Kanzu kweli ni bahati mbaya. Kitambaa kilitakiwa kiwe cha buluu, kikakosekana madukani kote, ikabidi tutumie kitambaa cheupe cha marekani.

Sauti ni ya mchekeshaji mmoja wa hapa mjini. Humjui.

Darwesh


Tabora,
30 Mei 1976

Darwesh,

Nakusalimu. Tumevuna mahindi kidogo, na Tufaha ameanza kuvaa miwani. Baada ya hayo nisikilize.

Siku ile tulipotoka ukumbini, Baba alinawa uso pale kwenye birika, nami nikamshikia taulo. Akaniambia, "Ile sauti ni ya Darwesh." Nikamwambia amekosea. Akasema, "Mtu hawezi kukosea sauti ya mwanawe, hata akiipinda namna gani. Ni yangu nilipokuwa na umri wake." Akanikataza nisikuandikie kwamba anajua. Alitaka useme mwenyewe. Ndiyo maana nilikuuliza nani, na nilipoandika swali lile nilijua jibu lake.

Jibu lako lilipofika nilimsomea. Nilipofika penye yule mchekeshaji wa mjini, aliniomba nirudie. Nikarudia. Akasema asante, akatoka kwenda kuwatazama kuku.

Wiki iliyofuata tukasikia gari la sinema linakwenda Usoke. Unamkumbuka Mzee Bundala, rafiki yake wa tumbaku, ambaye sasa amehamishiwa kijiji kipya huko Usoke, karibu na reli. Baba akasema hataki Bundala akitazame kitu kile bila yeye kuwepo. Nilikataa, nikalia, nikamtajia kifua. Tukaenda. Treni ilifika asubuhi na Bundala alikuwa stesheni. Alimwambia "mwangaluka", salamu ya kwao ya asubuhi, mara nyingi huku amemshika mkono, hakumwuliza chochote.

Sinema ilikuwa ndani ya ghala la tumbaku, milango imefungwa mchana kweupe. Kabla haijaanza, Baba alimwendea yule Tobias. Alimwomba ashushe sauti atakapotokea yeye, na amruhusu asimame pembeni ya kipaza sauti aseme mwenyewe. Tobias alisema hawezi, filamu ni ya serikali, atafukuzwa. Hakusema kwa ubaya. Bundala akazungumza naye kando, sikusikia alimwambia nini. Mwishowe Tobias akasema mashine ile ina desturi ya kupoteza sauti, na ikipoteza leo si kosa la mtu.

Kichwa cha Baba kikatokea angani. Wengine wakaanza kucheka. Sauti ikazimika, na Baba akasema gizani. Midomo ile kwenye kitambaa ikafuatana na maneno yake, kwa sababu ndiyo maneno yenyewe iliyoyasema Kwihara. Uliniambia sauti imeharibiwa na upepo, wala hukunijibu nilipokuuliza kama uliyasikia. Basi yasome hapa.

"Mimi ni Humaidi, mtu wa Tabora. Wazee wangu waliongoza misafara katika njia hii. Walikuwepo waliokwenda kwa ujira wao, na walikuwepo waliokwenda wamefungwa kamba, na sisi ndio tuliowafunga. Safari hii ya leo nitaiongoza kwa sharti kwamba hafungwi mtu."

Hilo ndilo lililobadilishwa likawa beleka mbili.

Nisikudanganye kwamba watu walishangilia. Mama mmoja mzee aliinuka akatoka, na mpaka sasa sijui kama alitoka kwa hasira au alikuwa amesikia alichotaka. Vijana nyuma walinung'unika kwamba waliambiwa ni vichekesho. Kisha mistari ya kijani ikarudi na filamu ikawa mbaya kama mwanzo, wengi wakasinzia.

Tukirudi stesheni Bundala alimwambia Baba, "Miaka yote tumekula pamoja, hilo hujawahi kulisema."

Baba akajibu, "Nililisema Kwihara. Halikufika."

Sina zaidi.

Salme


Tabora,
18 Julai 1976

Darwesh,

Sote wazima. Hujajibu. Baba haulizi, lakini posta sasa anakwenda mwenyewe.

Salme


Dar es Salaam,
22 Agosti 1976

Dada yangu Salme,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta katika afya njema, mkijiandaa na mfungo. Mimi mwili mzima. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nilikwama hapo kwenye salamu.

Ni mimi. Niliandika mchekeshaji kwa sababu ya woga, na nilipoibandika stempu nilijiambia kwamba Tabora ni mbali.

Sikuyasikia maneno yake Kwihara. Nilikuwa nyuma nimeshika mti wa kitambaa, upepo unanivuta, naona bega lake na midomo tu. Kanda ilipofika ofisini ilikuwa ni upepo mtupu. Bwana Eustace alituuliza mzee alisema nini, hakuna aliyekumbuka. Ningeweza kukuandikia. Barua yako ilikuwa tayari mezani kwangu, ikiniuliza. Eustace akasema weka chochote, sauti yako na ya mzee ni moja, sema kama unavyotuchekesha wakati wa chai.

Hilo nalo hukulijua. Tangu nianze kazi hapa wananiita Mwarabu Wetu. Siku za mwanzo nilikasirika. Baadaye nikagundua kwamba nikiisema ile sauti kabla yao, wanacheka pamoja nami, na hawaniulizi babu yangu alikuwa nani na alifanya kazi gani njia ya Ujiji. Nimeisema muda mrefu sana. Siku ya kurekodi niliisema mara moja tu, wakacheka hadi fundi wa sauti akashindwa kurudia, ikabaki hiyohiyo. Nami nilicheka, Dada. Uso wa Baba ulikuwa mbele yangu kwenye kitambaa, hauna mwili, nami nikacheka.

Barua yako ya Usoke ilipofika nilimpelekea Eustace, nikamsomea yale maneno. Kisha akasema kama angeyajua angetengeneza filamu nyingine kabisa. Nikaomba tuiweke sauti ya haki. Akasema wakubwa wameshaagiza nakala zote zirudishwe stoo, haitaonyeshwa tena popote. Nilidhani nitafurahi. Lakini imekaa stoo na sauti ile ndani yake, na haitaondoka.

Chai sasa nainywa mezani kwangu. Wananiuliza nimekasirishwa na nani.

Sijui namna ya kumwandikia Baba. Niombee radhi kwake. Mwambie kwamba yeye alithubutu kulisema jambo ambalo mimi nimekuwa nikilikimbia kwa kujifanya mjinga, na nilipokuwa nalikimbia nikamkanyaga yeye.

Mdogo wako,
Darwesh


Tabora,
26 Septemba 1976

Mdogo wangu,

Marahaba. Idi imepita salama, tuliichinjia mbuzi mdogo na Paskazia alituletea maandazi. Tufaha anakuulizia kalamu kwa utani tu, ameshapata nyingine. Kifua cha Baba kimezidi kidogo, lakini amerudi msikitini. Watoto wanamwita lile jina bado, si kila siku. Wazee wawili wa barazani hawamsalimii tangu habari za Usoke zilipofika mjini, wanasema ameianika aibu ya watu wazima mbele ya wakulima wa tumbaku. Anapita mbele yao vilevile.

Nilimsomea barua yako yote, hata pale uliposema ulicheka. Nilitaka kuparuka mahali hapo, akaniona macho yanavyokwenda, akasema, "Usiruke." Nilipomaliza aliichukua barua akaikunja. Nilingoja aseme amekusamehe, ili nami nipumzike. Hakusema.

Alichosema ni hiki, nami nakuandikia kama alivyokitamka. "Mwambie nimesikia. Asiniandikie mimi. Karatasi haina sauti. Nataka aje nisikie anasemaje siku hizi."

Mimi nilikuwa nimekukasirikia kuliko yeye, na bado hasira haijaniisha. Lakini kitanda chako nimekitandika.

Salme


Dar es Salaam,
10 Oktoba 1976

Dada yangu Salme,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Nimepata likizo. Nitaondoka kwa treni ya Ijumaa, Mungu akipenda.

Nimeogopa tangu barua yako ifike. Jana nilifunga mlango wa chumba changu nikajaribu kusema "Shikamoo, Baba," kwa sauti, nione itakavyokuwa. Ikatoka ile ya filamu. Sikuipinda, ilitoka yenyewe. Nikajaribu tena ikatoka ya hapa ofisini, ile ninayowasemea wakubwa, nayo si yangu. Nimekuwa nikirudia tangu jana, na leo asubuhi, mara moja tu, nilisikia kitu kinachofanana na nyumbani.

Nakuomba uje stesheni peke yako. Baba asije. Njiani nitakuwa nikizungumza na wewe, utanisahihisha, na tutakapofika mlangoni labda nitakuwa nimeipata.

Darwesh